Umbali Aliotuachia Kaka

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Mbulumbulu tuliamini kwamba kutoka Uholanzi hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ni safari ya siku mbili na zaidi. Hatukusoma jambo hilo mahali popote. Kaka yangu ndiye aliyetuambia, na kaka alikuwa mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kupanda ndege, kwa hiyo neno lake kuhusu ndege tulilipokea kama tunavyopokea neno la padri kuhusu mbinguni.

Mara ya kwanza hakudanganya. Alipokwenda masomoni alitoka Karatu kwa basi hadi Nairobi, akalala huko, akapanda ndege mpaka nchi moja ya Waarabu, akakaa kwenye viti vya uwanja usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, akapanda ndege nyingine ikamteremsha mji ambao haukuwa wake, akamalizia kwa treni. Alipopiga simu sauti yake ilikuwa imelegea kwa uchovu. Mama alilia. Baba alichukua simu, akamsikiliza, akairudisha mezani taratibu na kusema, "Mtoto ameenda mpaka mwisho wa dunia."

Tangu hapo umbali ule ukawa kama mtu wa familia. Ulikuwepo Krismasi, kaka asipokuja. Ulikuwepo siku ya harusi yangu. Mama alipofanyiwa upasuaji wa jicho, kaka alinipigia akasema, "Dada, unajua hali ya huku. Ndege tatu, nne. Nikifika mama atakuwa ameshapona." Nami nilimwonea huruma. Sisi tuko hapa tunakula maharage yetu, yeye yuko kule peke yake, na hata akitaka kuja lazima apite nusu ya dunia. Kanisani mama alimwombea kwa sauti, akimwita "mwanangu wa mbali", na jirani zetu nao wakazoea kumwita hivyo.

Baba alifariki mwanzoni mwa mavuno ya ngano. Tulimhifadhi hospitali, Karatu mjini, na baba mdogo akasema tumsubiri kijana mkubwa, kwa sababu mzee hazikwi bila mwanawe kuwepo kaburini. Nilimpigia kaka mimi mwenyewe. Alilia hadi nikashindwa kuendelea. Alipotulia akasema, "Dada, hata nikiondoka sasa hivi, mtakuwa mmechoka kuningoja. Waombolezaji watakula nini siku zote hizo? Zikeni. Mimi nitakuja kulia kwenye kaburi."

Tukazika. Mama alitupa udongo mara mbili. Mara ya pili akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu, waziwazi, ili baba asikie, "Huu ni wa mwanao. Yuko mbali."

Mimi nafanya kazi Karatu, kwenye duka la kahawa lililo kando ya barabara ya lami. Magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro husimama pale watu wajisaidie, wanunue vinyago na kunywa kahawa kabla ya geti la hifadhi. Nimesimama nyuma ya kaunta ile muda mrefu kiasi kwamba Kiingereza changu kimekuwa cha kahawa tupu: naweza kueleza maziwa, sukari, uchungu wa kahawa ya hapa, choo kiko wapi, na mvua itanyesha lini. Na nimejifunza kuwauliza wageni wametoka wapi, kwa sababu hupenda kuulizwa.

Asubuhi moja ya kiangazi, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye majani ya migomba, aliingia mwanamke wa Kizungu mzee, mchangamfu, kofia yake imefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Nikamkaribisha. Nikamuuliza wametoka nchi gani. Akasema Uholanzi.

Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. "Kaka yangu anaishi huko!" nikamwambia. "Pole sana kwa safari. Siku mbili njiani si mchezo."

Yule mama akacheka. Hakunicheka mimi, alicheka kama mtu anayedhani amesikia vibaya. "Siku mbili? Hapana. Jana asubuhi tumekunywa chai nyumbani kwetu. Jana usiku tumelala Arusha."

Nikadhani Kiingereza changu kimeniangusha. Nikamuuliza wamepita wapi. Akasema hawakupita popote. Ndege inaondoka kwao asubuhi, unakula, unasinzia, unaangalia sinema moja au mbili, na jioni unashuka Kilimanjaro. "Ni mwendo wa saa nane na kidogo hivi," akasema. "Mume wangu aliogopa atachoka, lakini amechoka zaidi kwa barabara ya kutoka uwanjani."

Nikamuuliza kama ni ndege mpya. Akasema ipo miaka mingi.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nakumbuka nilikifuta mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Nilijiambia labda ni ndege ya matajiri. Labda kaka hapati nafasi humo. Mtu akipenda mtu humtafutia udhuru haraka kuliko anavyotafuta ukweli.

Yule mama akaendelea kuzungumza, kwa kuwa alikuwa na furaha ya safari. Akasema hii ni mara yao ya kwanza, yeye na mumewe, lakini mkwe wao ni mwenyeji, ni Mmasai wa huku huku, alizaliwa kijiji cha Arash, na tangu amuoe binti yao ameshawaleta mkewe na mtoto mara mbili. Safari hii ameamua kuwapeleka wakwe nao wakamwone mama yake, anayeishi kwenye boma kule ng'ambo ya kreta. "Mama yake anatungoja," akasema, na macho yakamlengalenga machozi. "Hebu fikiria, mtu kutoka kwenye boma la ng'ombe, akasoma mpaka akafika kwetu."

Msichana mdogo akaingia mbio, nywele zake za kahawia zimejikunja, shanga nyingi shingoni. Nikamtazama paji la uso. Lilikuwa pana na limetokeza kidogo juu ya nyusi, kama la mama yangu. Nyuma yake alikuja mwanamke kijana wa Kizungu, halafu kaka yangu.

Alikuwa amevaa lubega nyekundu, lile shuka la Wamasai la kufunga begani, bangili za shanga mkononi, na miguuni makatambuga ya matairi. Sisi ni Wairaqw, Wambulu kama wengi wanavyotuita, wakulima wa ngano na mahindi. Babu yetu alikesha miaka mingi akilinda ng'ombe wake wasichukuliwe na watu wanaovaa lubega ile. Sina neno baya na Wamasai, nimeishi nao na nawauzia kahawa. Lakini kumwona kaka yangu ndani ya nguo ile ilikuwa kama kumwona amevaa sura ya mtu mwingine.

Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu alisimama mlangoni kidogo, mkono wake ukatafuta mfuko wa suruali ambao haukuwepo. Nikamwamkia kwa Kiiraqw, kama tunavyoamkiana nyumbani.

Akanitazama usoni. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kirafiki kabisa, kwamba samahani, hiyo lugha haifahamu.

Mkewe akamuuliza ni lugha gani. "Ya wakulima wa hapa," akasema.

Yule mama mzee, ambaye hakuwa na kosa lolote, akafurahia. "Huyu dada ana kaka yake anayeishi kwetu!" akamwambia. "Muulize yuko mji gani, huenda mnafahamiana."

Kaka akaniuliza. Kwa Kiswahili, mbele yao wote, kaka yangu wa tumbo moja akaniuliza, "Kaka yako yuko mji gani?"

Nikamwambia, "Sijui tena yuko wapi."

Wakanywa kahawa. Niliwahudumia mimi mwenyewe, na sikumwaga hata tone, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Wengine walipokwenda chooni, kaka alirudi kaunta peke yake. Hapo Kiiraqw kikamrudia. Alinong'ona haraka haraka, "Dada, tafadhali usiharibu. Nitakueleza. Tukishuka keshokutwa nitawaacha hotelini nije nyumbani. Nakuapia."

"Mama anaamini ni siku mbili," nikamwambia.

"Nakuja keshokutwa," akasema tena, akatoka.

Nilimwamini. Siku hiyo ya ahadi niliomba ruhusa kazini, nikapanda Mbulumbulu asubuhi, nikafagia uwanja, nikachinja jogoo. Mama aliuliza mgeni ni nani. Nikasema ni hamu yangu tu ya kula kuku. Alinitazama kwa jicho lake linaloona. Mchana ndege ndogo za watalii zilipita juu ya shamba kama kawaida, zikienda kutua uwanja wa Manyara, na jioni mimi na mama tukamla yule jogoo. Kaka hakuja. Hakupiga simu.

Dereva wao ni kijana wa Karatu ninayemfahamu. Alipopita tena dukani na wageni wengine, nilimuuliza, naye bila kujua anachonifanyia akanieleza yote. Walishuka siku ile ile waliyopanga. Alipotaka kusimama dukani kwetu kama desturi, yule bwana alimwambia asisimame, watakunywa kahawa Mto wa Mbu. Nikamuuliza kuhusu boma. Akasema ni boma la kweli, lina bibi mmoja mzee anayempenda yule bwana sana, anamwita mwanangu, naye humwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. "Safari hii bibi alilia walipoagana," dereva akasema. "Hata mimi nilisikia uchungu."

Nilikaa na jambo lile wiki kadhaa. Nililiweza hadi hapo alipotajwa yeyo. Kudanganywa umbali, sawa. Kukanwa kaunta, sawa. Lakini mama yangu aliye hai, mwenye paji lake la uso kwenye mtoto yule, kuwekewa mtu mwingine mahali pake! Nilitaka kumwona huyo mwanamke. Moyoni nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nikimdhania ni mmoja wa wale wanaoigiza mbele ya kamera za wageni.

Dereva alinipa nafasi siku aliyokwenda juu kuchukua wageni. Tulipita geti, tukapita ukingo wa kreta kwenye ukungu, tukateremka upande wa pili ambako nyasi ni fupi na upepo hausimami. Akaniacha kwenye boma, akasema atanipitia akirudi.

Bibi alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akitoboa ngozi. Mwembamba, mrefu hata akiwa amekaa. Nikamwamkia shikamoo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika, na palipokuwa pagumu mke wa mwanawe mwingine, anayeishi pale bomani, alitutafsiria. Nilimwambia nimetoka Karatu, nataka kuzungumza juu ya mwanawe wa Ulaya.

Uso wake ukafunguka. "Amefika salama?"

"Amefika."

"Yule mtoto wangu ana huruma," akasema. "Alikuja hapa mara ya kwanza na mke wake, akaniambia pembeni kwamba ni Mmasai, mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, hana mtu wa kumwita yeyo. Mimi nilizika mtoto mmoja wa kiume. Nikamwambia basi, niite mimi."

Maneno yangu makali yote yakaniishia. Nikamuuliza kama hakuona ajabu kwamba kijana hazungumzi Kimaasai.

"Najua maneno yake ni machache," akasema. "Nilifikiri ni kwa sababu ya mbali. Aliniambia huko ni siku mbili kwa ndege. Nikasema, mtu akienda mbali hivyo, lugha inadondoka njiani."

Nikamwambia, "Yeyo, mama yake hajafa. Ni mama yangu mimi. Juzi alikuwa anapalilia maharage."

Alimwomba mke wa mwanawe arudie kwa Kimaasai. Akarudiwa. Akaiweka ngozi chini. Halafu akauliza, "Kumbe mimi nimechukua mtoto wa mtu?"

"Hukumchukua. Ni yeye aliyejileta."

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Mwambie," akasema. "Halafu nitakuja kumwamkia. Kwenu ni mbali?"

Nikamwambia akitoka asubuhi, kabla ya saa nane mchana atakuwa amekaa kwetu.

"Basi si mbali," akasema.

Kwa hiyo ni kwa ajili yake nilimwambia mama. Tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Nilimweleza tangu mwanzo: ndege moja, chai asubuhi na usiku Arusha, mke na mtoto, lubega, kaunta, jogoo wa siku ile, bibi wa kule. Mikono ya mama haikusimama. Alichambua mpaka ungo ukaisha, akapeta, akamwaga takataka nje, akarudi. Nilidhani atalia au atamlaani. Akanigeukia mimi.

"Nani alikutuma uniambie?"

"Mama, ni haki yako kujua."

"Haki!" akasema. "Nilikuwa na mtoto aliye mbali. Mtoto aliye mbali hana kosa, kosa ni la njia. Sasa umeniletea mtoto aliye karibu asiyetaka kuja. Nitamweka wapi huyo?"

Nilitarajia tuumie pamoja, upande mmoja. Nilijikuta nimesimama upande wangu peke yangu, na mama ng'ambo, akilinda mahali pa kaka kama vile mimi ndiye niliyemfukuza.

Bibi alikuja kama alivyosema. Alishuka na gari lililokwenda kuchukua mahindi mjini, na yule mwanawe wa bomani akampandisha Mbulumbulu kwa pikipiki. Alileta kibuyu cha maziwa na kondoo jike mchanga. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na hakutaka kusema kwa ajili ya nani. Walikaa kwenye kochi moja, kila mmoja akitazama mbele, kama wanawake wawili kwenye foleni ya zahanati. Kiswahili cha mama nacho si kirefu. Kwa muda niliona mambo yataharibika.

Bibi ndiye aliyeanza. "Mimi sikujua uko hai," akasema. "Ningejua ningemfukuza aje kwako."

Mama akajibu, "Wewe ulimpa chakula. Usiombe msamaha."

Kisha mama akamuuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilirudia swali kwa nguvu ili bibi asikie: "Amenenepa?"

"Amenenepa," bibi akasema. "Hapa." Akashika mashavu yake.

Mama akacheka, akafunika mdomo kwa kanga, na kicheko kikageuka kilio. Bibi alimshika mkono. Nilitoka nje nikamtafutia kondoo mahali pa kumfunga, kwa sababu sikuweza kukaa mle ndani.

Jumapili iliyofuata kaka alipiga simu, kama apigavyo mara moja moja. Nilimpa mama simu nikiwa nimejiandaa. Nilitaka kusikia akimwambia. Alimuuliza habari za kazi, habari za baridi. Nikamsikia kaka upande wa pili, sauti ndogo ndogo, akisema angependa sana kuja lakini unajua mama, safari ni ndefu. Mama akanitazama, macho makavu.

"Najua, mwanangu," akamwambia. "Ni mbali sana. Usijisumbue."

Akanirudishia simu niongee naye. Niliikata.

Tangu siku ile siongei na kaka, na mama haniombi tena nimpigie. Siku hizi binti wa jirani ndiye anayempigia kwa niaba yake. Mama ananiona mimi ndiye mwenye moyo mgumu. Yule bibi wa kreta naye humtumia mama samli kwa magari ya mahindi, mama humtumia maharage na viazi, na wanaulizana hali kupitia kwangu, kwa kuwa duka liko njiani. Hakuna hata mmoja wao aliyemwambia kaka kwamba wanafahamiana. Nilimuuliza bibi kwa nini, mara moja alipokuja kliniki Karatu akapita dukani kunisalimia. Akasema mama yangu ndiye aliyemwomba anyamaze, mtoto asije akakosa pa kufikia.

Nilimchemshia chai yenye maziwa mengi kama anavyoipenda. Alikunywa taratibu, mgongo ukiwa umenyooka, wageni wakimpiga picha bila kumwomba ruhusa. Alipomaliza akaniuliza kama mwanawe wa Ulaya atakuja tena kiangazi hiki. Nikamwambia sijui, mimi siambiwi.